Sketi Iliyopunguzwa kwa Siri

Kabla jogoo wa jirani hajamaliza kujigamba, Sindano alikuwa ameshaamka, ameshakwenda msalani mara mbili, na sasa alikuwa ameinama juu ya beseni nyuma ya nyumba akifua nguo zake za ndani. Alifua taratibu, bila kuyapigisha maji kelele, kama mtu anayeiba.

Sindano halikuwa jina lake la shuleni. Baba yake, fundi cherehani, ndiye aliyempachika jina hilo. Macho ya fundi yalikuwa yameanza kugoma, na binti yake wa miaka kumi na miwili ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano. Tena ulimi wa mtoto huyo ulikuwa na ncha. Ukimchokoza, alikuchoma.

"Mwanangu huyu!" mama alisema akitoka jikoni na kumkuta anaanika. Mama alikuwa dobi, akifua nguo za watu tangu asubuhi hadi jua kuzama, na alijua thamani ya mkono wa msaada. "Siku hizi anajifulia mwenyewe, hasubiri kuambiwa. Mungu akukuze, mama."

Sindano aliitikia kwa sauti ndogo na kuangalia chini. Sifa ile ilimchoma kuliko fimbo. Hakuwa anafua kwa sababu ya bidii. Alikuwa anaficha damu.

Miezi minane kabla ya hapo alikuwa ameanza kuharisha damu na kusokotwa na tumbo. Hospitalini alipimwa, na daktari akaeleza kwamba ana ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. "Hauambukizi," daktari alisema. "Hautokani na uchafu, wala hujakosea kitu. Hatuwezi kuahidi kwamba utaondoka kabisa, lakini dawa zinaweza kuutuliza uishi kama wenzako." Akampa vidonge vya kila siku. Muuguzi naye akampa daftari dogo lenye mistari iliyochorwa kwa rula. Kila siku Sindano alitakiwa kujaza: umekwenda choo mara ngapi, kulikuwa na damu au la, tumbo limeuma kiasi gani. Na mwisho kabisa kulikuwa na swali moja: *Leo ugonjwa umekuzuia nini?*

Mwezi wa kwanza aliandika ukweli. Kisha ikaja ile siku ya foleni. Mhudumu mmoja wa mapokezi, mwenye sauti ya kuuza samaki, alilifungua daftari mbele ya watu na kusema, "Mh! Mara nane kwa siku! Na damu juu!" Benchi zima liligeuka kumtazama. Kwenye benchi hilo alikaa mama wa mvulana mmoja wa darasani kwao. Wiki iliyofuata mvulana yule alikuwa ameshambatiza Sindano jina jipya shuleni. Alimwita Safari. Kila alipoomba ruhusa ya kutoka, mtu mmoja nyuma alinong'ona, "Safari njema!" na wengine wakacheka ndani ya viganja.

Siku hiyohiyo ya foleni daktari alikuwa amesema jambo jingine. "Kama bado kuna damu tutakapoonana tena, tutaongeza dawa ya maji. Hiyo haimezwi. Huingizwa kwa njia ya haja kubwa kabla ya kulala. Mama atakusaidia."

Sindano alitamani sakafu ipasuke immeze. Akaamua, pale pale kwenye kiti, kwamba damu isingeonekana tena. Kwenye daftari, yaani. Tumboni haikuwa juu yake kuamua.

Kwa hiyo asubuhi ile, baada ya kuanika nguo, alikaa kwenye kigoda na kujaza ya jana kwa mwandiko mzuri: *Mara mbili. Hakuna damu. Halikuuma. Haukunizuia kitu.* Jana alikuwa amekwenda mara tisa.

Uongo una njaa, ukiulisha leo kesho unadai tena. Ili asibanwe darasani, Sindano aliacha kula chochote mpaka arudi nyumbani. Aliacha kurudi kwa miguu na rafiki yake wa dawati moja, msichana waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, maana njia ile ndefu haikuwa na choo hata kimoja. Alimwambia ana haraka, akakimbia peke yake. Redio alingoja getini siku tatu, ya nne akaondoka na wengine.

Kisha zikaja ziara. Darasa lilikwenda kutazama mechi shule ya mbali, Sindano akasema, "Baba amekataa." Darasa likaenda kuona bustani ya miche, akasema, "Baba amekataa." Sasa ilitangazwa ziara ya kiwanda cha kuchapa vitabu, saa mbili ndani ya basi kwenda, saa mbili kurudi, na itakuwa baada ya wiki tano. Sindano alipenda vitabu kuliko kitu chochote. Alitaka kuona karatasi tupu ikiingia upande mmoja wa mashine na kutoka upande wa pili ikiwa na maneno. Mwalimu alipomfikia kwenye orodha, Sindano aliinuka.

"Baba amekataa, mwalimu."

Mwalimu alimkata kwenye orodha. "Baba yako ni mkali kweli kweli," alisema.

Maskini fundi! Mtu ambaye hata kuku akiingia dukani alimwambia "samahani" kabla ya kumfukuza.

Mwili nao haukukubali kufichwa. Tangu miezi ya mwanzo ya uongo ule, sketi ya shule ilikuwa imeanza kumpwaya. Mtoto mwingine angefunga kamba au pini, lakini huyu alikuwa mtoto wa fundi. Siku moja baba alipokwenda kununua vifungo, Sindano aliketi kwenye cherehani, akabana kiuno cha sketi inchi moja kila upande, akapiga mshono, akaipiga pasi. Baada ya mwezi ilipwaya tena. Akabana tena. Akijitazama kwenye kioo cha wateja aliona kwamba imemkaa vizuri, na akajiambia kuwa hakuna atakayejua.

Kilichomfichua hakikuwa kikohozi wala homa. Kilikuwa heshima ya mwalimu.

Alhamisi jioni, Sindano akitunga uzi na baba akipiga pindo la gauni la mteja, baba alikuwa katikati ya hadithi yake ya siku zote, ya yule mteja aliyebana tumbo.

"Namwambia, dada, pumua. Anasema, ninapumua fundi. Uso umemwiva! Nikapima hivyohivyo, nikashona hivyohivyo. Siku ya harusi ya mdogo wake, kakaa kula tu, mgongo wa gauni ukafunguka kama mlango. Kaja hapa na hasira. Nikamwambia, dada, mimi nilimshonea yule uliyeniletea kupima. Yule yuko wapi?"

Sindano alicheka, ingawa hadithi aliijua kwa moyo. Ndipo kivuli kikaangukia mlangoni. Alikuwa mwalimu wake.

"Habari za kazi, fundi. Sijaja kushona, nimekuja kuomba." Mwalimu alikataa kiti. "Najua kila mzazi ana taratibu zake. Lakini huyu binti ndiye msomaji wangu bora. Ulimkatalia mechi, nikanyamaza. Ulimkatalia bustani, nikanyamaza. Fundi, kiwanda cha vitabu usimkatalie. Nakuomba kama ndugu."

Cherehani ilinyamaza. Sindano alihisi masikio yake yakiwaka moto. Alikodolea macho tundu la sindano kana kwamba angeweza kupenya humo na kutokea upande wa pili.

Fundi alimtazama mwalimu, akamtazama binti yake, akavua miwani na kuifuta kwa kipande cha kitambaa. Angeweza kusema, "Mimi? Sijakataa chochote!" na mtoto angeumbuka hapo hapo. Hakusema.

"Asante kwa kuja, mwalimu," alisema polepole. "Nipe mpaka wiki ijayo. Nitazungumza na mwenzangu huyu."

Mwalimu alipoondoka, baba hakufoka. Laiti angefoka! Aliichukua futi yake ya kupimia kutoka shingoni. "Simama," alisema. "Kama kuna ziara, kutahitajika sketi mpya. Ngoja nikupime."

Wateja wote duniani hubana matumbo. Sindano alilitokeza lake mbele kadiri alivyoweza. Futi ilizunguka kiuno, na baba akaisoma mara mbili. Kisha akafungua daftari la vipimo, ambamo kila mwanzo wa mwaka aliandika vipimo vya familia yake kabla ya vya wateja.

"Hapa ulikuwa ishirini na nne. Sasa ishirini na nusu, tena umelitoa tumbo." Alikigeuza kiuno cha sketi nje ndani na kupitisha kidole juu ya mshono. "Nani kashona hapa?"

"Ni wewe, baba."

"Mimi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Mwanangu, tangu nianze kazi hii sijawahi kumaliza mshono bila kurudishia mwisho, nikirudisha sindano nyuma kidogo ili usifumuke. Huu haukurudishiwa. Na uzi ni wa bluu iliyokoza, sketi ni nyeusi. Wengine hawauoni. Mimi nauona hata bila miwani."

Sindano alifungua mdomo kujibu, na tumbo likamsokota. Aliijua kengele ile. Ilikuwa ya sasa hivi. Alikimbia nje, akavuka ua, akakuta mlango wa choo umefungwa kwa ndani. Mpangaji mwenzao alikuwa humo, anaimba.

"Tafadhali!" Sindano aligonga. "Tafadhali, fungua!"

"Ngoja kidogo, watu tunaoga!" sauti ilijibu.

Hakuweza kungoja.

Mama alimkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa kando ya beseni, sketi imelowa, analia bila sauti huku akisugua. Maji yalikuwa mekundu. Mama aliyatazama maji yale, akaitazama kamba ya nguo, akakumbuka asubuhi zote alizomsifu.

"Kumbe," alisema. "Kumbe ndiko kujifulia kwenyewe huku."

"Usiniangalie, mama. Nimejichafua. Usiniangalie."

Mama alikunja mikono ya blauzi, akapiga magoti upande wa pili wa beseni na kuishika sketi. "Mimi dobi," alisema. "Nimefua ya walevi, nimefua ya wazee, nimefua ya mabwana harusi. Leo nishindwe na ya mwanangu? Lete hapa." Kisha akaacha kusugua. "Nilikuwa nakusifu, nawe unaumwa. Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya." Maneno yalianza kutoka, na yalipoanza hayakukatika. Alieleza daftari, foleni, jina la Safari, ziara tatu, cherehani, na dawa ile ya maji. Baba alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, anasikia yote.

"Wahenga walisema," baba alianza, "mficha maradhi, kifo..."

"Wahenga wangoje!" mama alimkatiza. "Usimtishe mtoto. Kawaambie wateja wako kesho hufungui duka."

Kesho yake watatu wote walikuwa mbele ya daktari. Daktari alilifungua daftari la Sindano na kutabasamu kwa kurasa za karibuni, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaangalia mizani, akaangalia upande wa ndani wa kope za mtoto, ambao ulikuwa mweupe kama karatasi kwa kupungukiwa damu. Tabasamu likaondoka.

"Mbona haviendani?" aliuliza.

Baba alifungua mdomo, mama akamkanyaga mguu. Ilikuwa lazima mwenyewe aseme. Sindano alitazama viatu vyake. Akakumbuka maji mekundu ya beseni, na mikono ya mama ndani yake.

"Nilidanganya, daktari. Si mara mbili. Ni mara tisa, na siku nyingine kumi na moja. Na damu ipo. Niliogopa ile dawa ya maji. Na niliogopa kusomwa kwa sauti."

Daktari hakugomba. Aliuliza jinsi lilivyosomwa kwa sauti, na aliposikia alikunja uso. "Hilo ni kosa letu, si lako. Ugonjwa wa mtu ni siri yake na wanaomtibu. Nitalishughulikia leo, na ninakuomba radhi." Kisha akagonga daftari kwa kidole. "Lakini sikia. Miezi yote hii nimekuwa nikimtibu mtoto aliyeandikwa humu. Huyo alikuwa amepata nafuu, ndiyo maana sikumwongezea dawa. Wewe hukutibiwa."

Fundi alishtuka kwenye kiti chake kama mtu aliyesikia hadithi yake mwenyewe ikisimuliwa na mwingine.

Muuguzi, ambaye alikuwa amekaa pembeni, alisogeza kiti. "Sasa nijibu hili la mwisho, ambalo kila siku uliandika kwamba haukukuzuia kitu. Ulikuzuia nini?"

Sindano hakutarajia kwamba swali hilo ndilo lingemliza. Alitaja chakula cha mchana. Alitaja mechi na bustani. Alitaja njia ya kurudi nyumbani na Redio, na vicheko ambavyo sasa Redio alicheka na wengine. Muuguzi aliandika kila kimoja, pole pole, kana kwamba nacho ni dalili.

"Ni dalili hasa," muuguzi alisema Sindano alipomuuliza kama hayo nayo ni dalili. "Hatutibu utumbo ili utumbo ufurahi. Tunautibu ili wewe urudi kwenye mambo haya."

Alitolewa damu kidogo kupimwa, akapewa vidonge vya kuongeza damu, vidonge vyake vya zamani viliongezwa kipimo, na dawa ya maji ikaanza jioni ile ile. Sindano alilala kwa ubavu wa kushoto kama alivyoelekezwa, amejifunika uso kwa mto.

"Mimi ndiye niliyekubadilisha nepi," mama alisema, "tena ulikuwa ukinipiga mateke. Leo unanionea haya?" Chini ya mto kikasikika kicheko kidogo, cha kwanza baada ya siku nyingi. Dawa yenyewe ilichukua dakika mbili. Miezi yote ya uongo kwa ajili ya dakika mbili!

Nafuu haikuja kwa siku moja. Wiki ya kwanza daftari lilisema mara nane, na damu. Wiki ya pili mara sita, damu kidogo. Siku moja alikata tamaa akataka kuandika nne badala ya saba, akaitazama kalamu, akaandika saba. Wiki ya nne ilikuwa mara tatu, na mahali pa damu aliandika *hakuna*, kisha akarudi kuhakikisha macho yake hayakumdanganya.

Shuleni mwalimu alielezwa yote, na baada ya hapo Sindano alitoka darasani bila kuomba, kwa kuinua tu kadi ndogo. Kazi ngumu zaidi ilikuwa ni Redio. Sindano alimwambia ukweli getini, kwa sentensi nne, huku akifinya mkanda wa mkoba.

"Ndiyo maana ulinikimbia?" Redio aliuliza. "Mimi nilidhani nanuka!" Wakacheka mpaka mlinzi akawatazama. Na ajabu ya maajabu, siri ile Redio hakuitangaza, si siku hiyo wala baadaye.

Siku ya ziara Sindano alikaa kiti cha karibu na mlango. Mkobani alikuwa na sketi ya akiba, iliyokunjwa na baba ikawa ndogo kama daftari. Katikati ya njia tumbo lilimbana. Basi zima lingejua. Uso ulianza kumwaka kama zamani, lakini aliinua kadi. Mwalimu alimgusa dereva bega, na basi likasimama kwenye kituo cha mafuta.

"Safari n—" yule mvulana alianza.

"Tuko safarini, ndiyo," Redio alimdaka. "Wewe ulidhani tumekaa sebuleni kwenu?" Basi likacheka, na safari hii halikumcheka Sindano. Aliporudi, wanafunzi wengine sita walikuwa wameshuka kujisaidia, nao wakamshukuru.

Aliona karatasi tupu ikiingia upande mmoja. Aliona maneno yakitoka upande wa pili. Alirudi nyumbani na ukurasa mmoja ulioharibika, zawadi ya mchapaji, na akauonyesha kwa mama, kwa baba, na kwa mteja mmoja aliyekuwa dukani akisubiri suruali.

Baba alikuwa anafumua kwenye sketi ule mshono wa uzi wa bluu ili aushone upya. "Futi inasema ishirini na mbili," alisema. "Nakuachia nafasi mpaka ishirini na nne, maana utafika. Ugonjwa huu unaweza kurudi tena siku moja, daktari kasema. Ukirudi, utuambie siku hiyohiyo. Mtu akiona haya ya maradhi si kosa lake, haya humjia yeyote. Kosa ni kuipa haya kalamu ikuandikie. Anayetaka kukusaidia hupima kile ulichomletea. Ukibana tumbo, atamshonea mtu mwingine, nawe utabaki uchi."

"Nimesikia, baba."

"Haya, andika ya leo."

Sindano aliandika. Kisha, bila kuombwa na mtu, alisimama kando ya cherehani na kulisoma daftari kwa sauti, mteja wa suruali akiwa papo hapo anasikiliza.

"Nimekwenda choo mara nne. Hakuna damu. Tumbo liliuma kidogo. Leo ugonjwa umenizuia nini? Umetusimamisha njiani dakika kumi. Halafu tukaendelea."

Baba aliufikisha mshono mpya mwisho, akaurudishia, na kukata uzi.